Karata ya Thelathini na Tano

Tunakutana Alhamisi, Tusekile akishafunga duka,
nyuma ya soko la Mwanjelwa, kati ya cherehani mbili
na magauni yanayosubiri wenyewe wapate hela.
Mwezi wa saba. Baridi ya Mbeya haibishi hodi,
inaingia na kukaa kama shemeji.
Jiko la mkaa liko chini ya meza, miguu imelizunguka,
na juu ya meza, picha thelathini na sita.

Anyisile alizitoa fotokopi, akazibandika
kwa gundi ya unga wa ngano juu ya maboksi ya biskuti.
Ukigeuza Jua unasoma: HIFADHI MAHALI PAKAVU.

Mimi nilianzia kwenye zile kubwa, sabini na nane,
zenye Mnara, na Mtundikwa, na Mwezi unaobwekewa na mbwa.
Zile zina maneno. Unaiuliza moja habari ya leo,
inaanza kukujibu tangu enzi za babu yako.
Hizi ndogo ni watu wa kauli mbili.
"Ni sarufi tu," anasema mwalimu Mwasomola,
mstaafu ambaye bado ana chaki mfukoni.
"Ya kwanza jina, ya pili sifa.
Barua na Panya: barua iliyotafunwa.
Panya na Barua: hasara iliyoandikwa.
Ukizigeuza umefeli."

Wiki tatu tulibishana juu ya Mlima.
Kitabu kinasema: kizuizi, adui, njia iliyofungwa.
Tusekile akaweka mkasi chini.
"Loleza yule pale anamzuia nani?
Nimezaliwa miguuni pake. Nikitoka safari
nikamwona tu dirishani, nalegeza mkanda.
Huyo aliyeandika alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"
Hatukuafikiana. Mwalimu akaandika kwenye daftari:
Mlima: kizuizi (kwa wageni).

Mawingu nayo, eti ni mashaka.
Subilaga, mtu wa Tukuyu, alicheka hadi chai ikamtokea puani.
"Kwetu yakikosekana ndiyo mashaka."

Mama mmoja wa kwaya anatuita wapiga ramli.
Hatupigi ramli, tunamwambia, tunajifunza kusoma.
Kusoma nini?
Hapo wote tunaangalia jiko.

Halafu kuna Nanga.
Ya thelathini na tano. Iliponyoka mwezi wa tano,
ikaangukia mkaani, ikaungua kabla hatujainama.
Nani achore nyingine? Hakuna kati yetu
aliyewahi kushika nanga.
Mwalimu alijaribu, ikatoka ndoana.
Basi Anyisile akachora mafiga,
mawe matatu, bila chungu.
"Kinachobaki pale pale," akasema, "wengine wakiondoka."

Jana Subilaga hakucheka.
Mumewe alivuka Tunduma mwaka juzi na lori la vitunguu,
simu yake inaita kwa lugha ya watu wengine.
Tulitandika tano:
Mpanda Farasi, Njia Panda, Jeneza, Mbwa,
na mwisho, mafiga.

Nikasema Jeneza ni mwisho tu, si lazima mtu.
Nilisema haraka mno.
Tusekile akasema Mbwa ni rafiki, ni mwaminifu,
na Mbwa yuko upande huu wa Jeneza, si ule.
Mwalimu alianza: jina, halafu sifa, halafu
akanyamaza, akaisugua ile chaki mfukoni
hadi vidole vikatoka vyeupe.

Subilaga hakutungoja.
Aliweka kidole juu ya karata ya mwisho.
"Haya mawe," akauliza, "mbona hayana moto?"

Anyisile akavuta chaki nyekundu ya kushonea,
akaishika juu ya boksi.
"Niuwashe?"

"Subiri," alisema Subilaga.
"Sijajua bado napikia wangapi."